Mfupa wa Juu ya Maharage

Wasikilizaji wapendwa, wewe uliye jikoni, wewe uliye dukani, na wewe uliyelala unauguzwa huku redio iko chini ya mto, sogea karibu kidogo. Leo tunamkumbuka muuza nyama.

Bucha lake limefungwa. Kulabu zinaning'inia tupu. Gogo la kukatia limesuguliwa mpaka limekuwa jeupe. Na mbele ya mlango, pale wateja walipokuwa wakipanga foleni, watu wameweka mboga. Mafungu ya mchicha. Kabichi nzima. Maharage mabichi, bado yamo ndani ya maganda yake. Kila apitaye anaongeza fungu. Na juu kabisa ya lundo hilo la kijani, kuna mfupa mmoja. Ubavu. Umekwanguliwa ukawa safi kama jino.

Nani kati yenu aliwahi kuona muuza nyama akiagwa kwa mboga? Basi tulieni. Mfupa huo una habari zake, na tutafika.

Tulimwita Mzee Mnofu. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hakumpunja mtu kwa mifupa. Ukiomba mnofu, unapata mnofu. Alifariki wiki iliyopita, mchana, akiwa ameketi kwenye kiti chake nyuma ya nyumba, baada ya kula na kusifia chakula. Moyo ulisimama. Alikuwa na miaka sabini na ushee. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: tunamkumbuka Mzee Mnofu, muuza nyama, aliyeishi na kisukari zaidi ya miaka ishirini. Ugonjwa huo ulimtaka kidole kimoja cha mguu. Nusura akitoe. Habari ya leo ni ya kidole hicho.

Tuanze alikoanzia.

Kisu alifundishwa na mjomba wake, mtu wa maneno machache. Mjomba alimpa kisu butu na jiwe la kunolea, akamwambia, "Kikiweza kukata karatasi kwa uzito wake chenyewe, niite." Kijana akanoa. Alipomwita, mjomba alijaribu kisu, akaguna, akampa kingine butu. Ndivyo alivyosoma.

Akapata ufundi, akapata kiburi cha ufundi. Alikuwa akipita mtaani na ng'ombe mzima kichwani mwake. Akikuona tu unatembea, anajua utataka sehemu gani. Mjumbe wa serikali ya mtaa, mbavu. Fundi baiskeli, shingo. Daktari, maini.

Mkewe anasema hivi, nanukuu: "Alikuja kunichumbia amebeba paja la mbuzi begani. Mama yangu akamwambia, leo hatununui. Akajibu, mama, siuzi, naomba binti. Mama akamtazama, akalitazama lile paja, akasema, haya, liweke ndani kwanza, ndipo tuzungumze."

Walizungumza. Ndoa ikawa. Binti akazaliwa, mmoja tu, ambaye leo ni fundi cherehani. Na katika nyumba hiyo nyama ililiwa, wasikilizaji wapendwa. Asubuhi maini. Mchana mbavu. Jioni chochote kilichobaki kwenye ndoano, na soda baridi juu yake. Mboga za majani Mzee Mnofu aliziita mapambo ya sahani. Alizisogeza pembeni kwa ncha ya kijiko, kwa adabu, kama mtu anayempisha mzee njiani.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na bucha, palikuwa na kibanda cha mama muuza mboga. Hao wawili walitaniana kila asubuhi ya Mungu.

"Mnofu, misiba yako inaendeleaje humo ndani?"

"Vizuri, jirani. Na magugu yako?"

"Yanamea. Yako inaoza."

Ndiyo ilikuwa salamu yao. Siku mmoja asiposalimiwa hivyo, alivuka barabara kuuliza kama kuna mgonjwa.

Na mgonjwa akapatikana. Ilianza na kiu. Mzee Mnofu akanywa maji, kiu ikabaki. Akanywa soda, kiu ikacheka. Suruali ikalegea. Kisha macho. Tarakimu za mizani zikaanza kuogelea mbele yake. Mtu mzima na ufundi wake, akaona aibu kusema haoni. Akawa anamwambia mteja, "Hebu nisomee wewe, mizani inasemaje?" Watu wakamsifu. Wakasema, jamani, uaminifu gani huu, muuza nyama anakuachia usome mizani mwenyewe.

Ni yule daktari mnunua maini aliyeshtuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, anakuja kila Jumamosi. Alisoma mizani, akamsoma na muuzaji. "Mzee, njoo kwangu Jumatatu. Kabla hujala."

Jumatatu akapimwa. Kisukari. Daktari akamweleza taratibu, kama anavyoeleza kila mtu. Vidonge hivi, asubuhi na jioni. Soda basi. Nyama, hasa ya mafuta, ipungue sana. Maharage, dengu, mboga za majani na nafaka isiyokobolewa ndivyo vijae sahani.

Mzee Mnofu akacheka kicheko cha dukani. Akasema maneno ambayo baadaye alitamani kuyameza. Alisema, "Daktari, wewe tibu, mimi nitakula nyama. Siku utakayoniona natafuna majani, nifunge kamba shingoni unipeleke malishoni."

Daktari akacheka pia. Manesi wakacheka. Utani ukapita, vidonge vikabaki. Alivimeza, ndiyo. Soda aliipunguza, ndiyo. Lakini nyama ilibaki mahali pake, na mboga zikabaki mapambo.

Wasikilizaji wapendwa, kisukari hakina papara. Ni mgeni anayekaa kimya sebuleni, na wewe unajisifu kwamba umemzoea.

Kaka yake mkubwa alikuwa dereva wa lori, naye alikuwa na sukari hiyo hiyo, ya ukoo. Ilimla mguu. Wakaukata chini ya goti. Mzee Mnofu alikwenda kumtazama hospitali, amebeba matunda, hajui aweke wapi macho. Kaka akafunua shuka mwenyewe. Akamwambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye fundi wa mambo haya. Hebu niambie. Wamenikata vizuri?"

Mzee Mnofu akamrudishia shuka. Akaanza kummenyea chungwa. Kaka yake hakumaliza mwaka.

Sasa shikeni hapa. Miezi michache baada ya msiba huo, Mzee Mnofu alikuwa kazini kama kawaida, amevaa buti zake za mpira. Alikuwa akipasua mfupa wa paja kwa shoka. Kipande kimoja cha mfupa, chembamba kama sindano ya viatu, kikaruka, kikaingia ndani ya buti. Akafanya kazi kutwa nzima. Alisimama juu ya mfupa ule, akatembea juu yake, akabeba mizigo juu yake. Hakusikia kitu. Kisukari kilikuwa kimeshazima hisia za miguu, na yeye hakujua.

Mkewe ndiye aliyemvua buti jioni. Soksi ilitoka nyekundu.

"Baba watoto, huumii?"

"Wapi?"

Anasema mkewe: "Aliposema *wapi*, ndipo nilipoogopa. Damu sikuiogopa. Niliogopa lile swali."

Kidonda kilikuwa chini ya kidole kikubwa cha mguu wa kulia. Daktari alikisafisha, akakitazama muda mrefu, akaongeza vidonge. Akasema bila kuzungusha: "Mzee, kidole hiki kinaweza kupona na kinaweza kuondoka. Kikiondoka, mara nyingi hakiondoki peke yake. Sukari yako lazima ishuke."

Kesho yake akafungua bucha. Mbele yake palikuwa na mguu wa ng'ombe, umetundikwa kama miguu mingine yote aliyopata kuitundika, ndoano imepita katikati ya mfupa na mshipa. Mteja wa kwanza akaomba mguu, wa supu. Mzee Mnofu akainua shoka. Akalishusha. Akamwambia, "Miguu imeisha."

Mguu ulikuwa unaning'inia nyuma yake. Mteja aliuona. Akamtazama Mnofu machoni, akaenda zake.

Mchana ule alirudi nyumbani mapema. Akasimama mlangoni mwa jiko, ameshika kofia. "Mama, kuanzia leo nipikie chakula cha mbuzi."

Mkewe anakiri: "Maneno hayo niliyasubiri miaka. Nikajifanya sikusikia, ili ayarudie."

Akayarudia. Na Mnofu alikuwa mtu wa kwenda mzima mzima. Hakupunguza nyama. Aliiacha. Maziwa yenye mafuta, akaacha. Mayai, akaacha. Maharage, dengu, njegere, mchicha, kabichi, karanga kidogo, nafaka na pumba zake. Chungu cha kwanza kilimshinda. Alionja, akaweka kijiko chini, akasema, "Mke wangu, hili si pishi, hii ni hukumu." Tumbo nalo likanguruma kama pikipiki isiyotaka kuwaka. Lakini mama yule hakukata tamaa. Akajifunza kukaangia vitunguu moto mdogo, mafuta matone, mpaka vikawa rangi ya kahawia na utamu wake mwenyewe. Akatia nyanya, tangawizi, vitunguu saumu. Akaponda karanga akatia kwenye mchicha. Siku moja Mzee Mnofu alimaliza, akageuza bakuli, akalitazama chini. Akauliza, "Kumebaki?" Mama alitoka nje kwenda kucheka.

Sasa, ubaya uko wapi? Ubaya ulikuwa aibu.

Muuza nyama asiyekula nyama. Wateja watasema nini? Watasema kuna kitu anakijua kuhusu nyama ile. Na daktari je, na ile kamba ya shingoni? Na mama muuza mboga, je? Huyo angemcheka mpaka kiyama. Mzee Mnofu aliona afadhali afe njaa kuliko aonekane na kijiko cha maharage.

Ndipo akaja na hila yake. Kila siku alikuwa na desturi ya kula mchana pale pale, kwenye kaunta, watu wanapita. Asingekula, wangeuliza. Akachukua ubavu mmoja, akauchemsha, akaukwangua. Akamwambia mkewe, "Kila siku, uweke juu ya maharage. Watu wauone mfupa." Na mama akaweka. Bakuli likifunguliwa kaunta, mpita njia anaona mfupa, anasema, "Mzee Mnofu, chakula chema," anajibiwa, "Karibu tule," na yeye anapinda mgongo, anachota maharage ya chini. Akimaliza, mfupa unarudi nyumbani, unaoshwa pamoja na vijiko. Kesho, kazini tena. Mfupa ule ule.

Chekeni, mna ruhusa. Lakini msisahau kidole. Mtu huyu alikuwa anapigania kidole.

Na kidole kilianza kumsikiliza. Kidonda kikawa chekundu badala ya cheusi. Sukari ikashuka. Daktari alipopima alifurahi. Akauliza, "Unakula nini siku hizi, mzee?"

Mzee Mnofu alikuwa na nafasi yake hapo. Sentensi moja tu. Akasema, "Kama kawaida, daktari."

Alijiwekea moyoni kwamba kidole kikipona kabisa, ndipo atasema, kwa ushindi. Daktari naye, asiyeambiwa kitu, akaamini ni vile vidonge alivyoongeza ndivyo vinafanya kazi. Akaviacha vile vile. Mnaliona kosa, wasikilizaji wapendwa? Mtu amebadili chakula chote. Sukari inashushwa na chakula, tena inashushwa na vidonge vingi vilivyopangwa kwa mtu anayekula mbavu na maini. Wawili wanavuta kamba upande mmoja. Hakuna aliyebaki kushika upande wa pili.

Jumamosi moja foleni ilikuwa ndefu. Asubuhi alikuwa amemeza vidonge vyake. Bakuli lilikuwa chini ya kaunta, halijafunguliwa, maana hakupata nafasi. Jasho likaanza kumtoka. Mtu mmoja aliomba maini, akapewa mkia. Akacheka, akarudisha. Mama mmoja aliomba nusu kilo ya steki. Mzee Mnofu akachukua jiwe la mizani, lile la chuma, akalifunga vizuri kwenye gazeti, akampa kwa mikono miwili. "Hii laini, mama. Haina hata mfupa."

Foleni ikaangua kicheko. Mmoja akasema, "Leo mzee kapitia mahali." Mwingine, "Kapitia na kukaa."

Kisha kisu kikamponyoka. Kikaanguka kikasimama kwenye ubao wa sakafu. Mtu ambaye kisu hakijamtoka mkononi tangu kwa mjomba wake. Kicheko kikakatika. Mzee Mnofu akashuka taratibu nyuma ya kaunta kama gunia lililotobolewa.

Aliyevuka barabara ni mama muuza mboga. Hakuangalia kushoto wala kulia. Mama yake mzazi aliishi na kisukari, jasho lile alilijua. Alipiga magoti, akamshika uso. "Mnofu. Mnofu. Unanisikia? Umekula?"

Midomo ilicheza tu.

"Sukari imemshuka. Nipeni soda. Yenye sukari. Wewe uliyesema kapitia mahali, kimbia."

Alikuwa bado anaweza kumeza, ndiyo maana alimnywesha, kidogo kidogo. Na wakati anamnywesha, mama yule akavuta lile bakuli chini ya kaunta, akalifungua aone kama amekula. Limejaa. Akainua mfupa. Akautazama kwenye mwanga. Akawageukia watu.

"Huu mfupa naujua," alisema. "Nauona kila siku kutoka kibandani kwangu. Nilidhani macho yangu yananidanganya. Huyu mtu hali nyama, jamani. Mkewe ananunua kwangu maharage ya kulisha shule. Huyu anakula kwangu, na leo hajala mpaka sasa kwa ajili ya kuwahudumia ninyi."

Hapo Mzee Mnofu akafungua macho, akalamba midomo. Neno lake la kwanza: "Nani kanipa soda? Nimekatazwa."

Akapelekwa hospitali. Kesho yake daktari aliingia wodini, akafunga mlango. Mkononi alikuwa na kipande cha kamba. Kamba ya kweli, ya katani. Akaiweka juu ya kitanda.

"Mzee, nimekuja kukupeleka malishoni."

Mnofu akavuta shuka mpaka kidevuni. Daktari hakucheka. "Nusura ufe. Unaelewa? Wala si kwa kisukari. Nusura ufe kwa kuyaonea aibu maharage. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nakupangia dawa za mtu mwingine, na mtu huyo haji kwangu."

Binti yake alikuwepo chumbani. Anasema: "Baba aliisogeza ile kamba pembeni. Kisha akasema, daktari, naomba unitazame kidole. Akakitoa nje ya shuka. Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga. Daktari akakaa kitandani. Akakishika kile kidole kama mtu anashika mkono wa mtoto. Akasema, sawa. Sasa tuanze upya, na safari hii uniambie kila kitu unachotia mdomoni."

Sikilizeni vizuri, kwa maana najua masikio ya watu. Mzee Mnofu hakuacha dawa. Narudia, hakuacha dawa. Daktari ndiye aliyepunguza vidonge, kwa vipimo, kidogo kidogo, akibaki na kile kidogo alichohitaji. Na Mzee Mnofu hakupona kisukari. Alikitawala. Kesho mtu akikwambia, nilisikia redioni muuza nyama alipona kwa mchicha, mwambie hakusikia vizuri. Alisikia nusu, na nusu ndiyo iliyomwangusha Mnofu.

Kidonda kilifunga. Kilichukua miezi, lakini kilifunga.

Na bucha je? Habari ilitembea. Wateja wengine walihama. Mmoja, mtu mwenye sauti, alisimama mlangoni akasema, "Mpishi asiyeonja chungu chake, mimi namwogopa." Mzee Mnofu hakuacha kunoa. Akamjibu, "Fundi jeneza naye halali ndani kulijaribu. Unataka kilo ngapi?" Yule bwana akanunua kilo.

Waliohama wengi walirudi, kwa sababu nyama ilikuwa ile ile na mnofu ulikuwa mnofu. Mama muuza mboga alipata silaha yake. Alikuwa akimwimbia kutoka ng'ambo ya barabara, mbele ya foleni, akipiga makofi:

*Nyama wauzia watu, mwenyewe wala majani,*
*Mfupa huo si kitu, waupanga bakulini,*
*Ng'ombe wasema, "Ni wetu, mleteni malishoni,"*
*Ewe Mnofu wa watu, karibu sana shambani.*

Na yeye, mtu mzima, alikaa kwenye kaunta, bakuli wazi, akatafuna maharage yake mbele ya ulimwengu. Mfupa bado uko juu. "Nimeuzoea," alisema. "Ni rafiki. Hanyang'anyi chakula."

Hakuwahi kuwahubiri wateja. Aliyetaka mbavu alipata mbavu. Lakini watu wenye sukari walianza kuja kusimama pembeni ya kaunta, wakisubiri foleni ipungue. Wanaume hasa, wale wasiosema kwa wake zao. Wananong'ona. Na yeye kila mmoja alimwambia maneno hayo hayo: "Mimi si daktari, mimi nakata nyama. Nenda kapime. Mwambie daktari unachokula, hata kama ni aibu. Halafu vuka barabara."

Wakavuka. Mama muuza mboga akajenga kibanda cha pili.

Jambo moja alilifanya kila asubuhi tangu siku ile ya mfupa kwenye buti. Kabla ya kuvaa, alizigeuza buti zake kichwa chini, akazigonga kwenye kizingiti cha mlango. Ko, ko. Kisha akaingiza mkono mpaka ndani, akapapasa kila pembe kwa vidole, kwa kuwa miguu yake isingemwambia. Majirani waliamkia mlio huo. Binti yake anasema watoto wenzake walimuuliza saa njiani kwenda shule, akawajibu, baba ameshagonga buti, tumechelewa.

Mara ya mwisho alizigonga asubuhi ya siku aliyofariki. Alifanya kazi nusu siku, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Akala dengu na mchicha wa karanga. Akasema, "Mama, leo umenizidi." Akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Nilimuuliza mkewe kitu gani angependa niwaambieni. Akasema, "Waambie kaka yake alizikwa bila mguu mmoja, na hilo lilimsumbua mume wangu mpaka mwisho. Waambie yeye ameondoka na kila alichokuja nacho. Vidole kumi. Nilivihesabu mwenyewe, nikavifunika."

Huo mfupa juu ya mboga pale mlangoni, mkewe ndiye aliyeuweka. Kwa mkono wake. Uliosafishwa pamoja na vijiko miaka yote hiyo.

Kwako mama, uliyepika chungu cha kwanza kikakataliwa na ukapika cha pili, redio hii inakupa pole. Kwako binti, fundi cherehani, pole. Baba alikuachia mkono usiotetemeka. Kwako mama muuza mboga, uliyevuka barabara bila kutazama, pole kwa kufiwa na mtani. Na kwako daktari, wanasema kamba ile bado unayo mezani. Ibaki hapo.

Wasikilizaji wapendwa, wapo kati yenu waliokaa na neno moja wasilolisema kwa anayewatibu. Mnajijua. Kila mmoja na mfupa wake juu ya bakuli. Sitawataja.

Lakini leo asubuhi, kabla sijaja studio, nilipita nyumbani kwa marehemu. Mama alikuwa ameshika zile buti za mpira, akitaka kuzihifadhi. Mikono yake, kwa mazoea tu, ikazigeuza kichwa chini, ikazigonga kwenye kizingiti. Ko, ko. Madirisha ya majirani yakafunguka. Kisha akaingiza mkono ndani, akapapasa mpaka kwenye ncha.

Hakukuwa na kitu. Zilikuwa safi.

Nawe, kabla hujavaa viatu vyako kesho, vigonge.